Kukodi kirikuu ya biashara hatua kwa hatua, kuanzia hesabu hadi kadi

Mtu anayetafuta gari dogo la kusambazia mzigo hapa Dar es Salaam, swali lake la kwanza kwa tajiri, yaani mwenye gari, huwa ni hesabu: shilingi ngapi kwa siku? Ni swali la haki, lakini silo linaloamua kama biashara itasimama. Linaloamua ni lile ambalo wengi hawaliulizi mpaka yawakute: siku gari limelala gereji, hesabu inaendelea au inasimama? Mwongozo huu ni wa mwenye duka la jumla, mwoka mikate, muuza kuku, msambazaji wa maji na yeyote mwenye kazi ya gari asiye na fedha ya kulinunua taslimu. Mifano ni ya Dar, ila taratibu za mamlaka ya mapato (TRA), mamlaka ya usafiri wa ardhini (LATRA) na bima ni zilezile Tanzania Bara nzima.

Hatua ya 1: Pima mzigo wako kwanza

Usianze kwa kuulizia gari. Anza kwa mizani. Chukua siku yako yenye kazi nyingi zaidi katika wiki, andika kila unachopakia, jumlisha kilo. Kisha tazama kama mzigo wako ni mzito au ni wa kujaza nafasi tu. Mikate na mayai hujaza gari kabla ya kulilemea. Saruji, sukari na maji hulilemea kabla ya kulijaza.

Kirikuu tunazoziona mjini, yaani Suzuki Carry na wenzake, zimetengenezwa Japani chini ya kanuni za magari madogo ya huko: injini isiyozidi cc 660 na mzigo usiozidi kilo 350. Mifuko 7 ya saruji ya kilo 50 imeshafika kikomo. Najua unaziona zikipita Buguruni zimebeba mara mbili ya hapo. Gari linatembea, ni kweli, lakini springi, klachi na breki zinalipia kila safari, na kwenye gari la kukodi swali linalofuata ni mfuko wa nani utakaonunua klachi mpya. Suzuki Every ina injini ya aina hiyohiyo ila bodi yake imefungwa, kwa hiyo inafaa vitu visivyotakiwa kuloa wala kudokolewa kwenye foleni.

Ukizidi hapo, Toyota TownAce ya injini ya cc 1500 hubeba kilo 750 hivi, na Nissan Vanette au Mazda Bongo hukaribia tani moja kutegemea toleo. Hesabu yake ni kubwa na mafuta yake ni mengi kuliko ya kirikuu, lakini safari moja ya TownAce kutoka Kariakoo kwenda Tegeta ni bora kuliko safari mbili za kirikuu kwenye foleni ileile.

Jambo moja kuhusu Noah na magari mengine ya viti: yanavutia kwa sababu jioni unaweza kubeba familia. Kama umesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, fahamu kwamba kodi uliyolipa kwenye gari linalohesabika kuwa la abiria, pamoja na matengenezo yake, kwa kawaida hairejeshwi. Ya gari la mizigo linalofanya kazi ya biashara unaweza kuidai.

Hatua ya 2: Jua unaingia kwenye mpango upi

Watu husema "nimekodi gari" wakimaanisha mambo manne tofauti kabisa.

Kuna kukodi kwa hesabu. Gari ni la tajiri, wewe unapeleka kiasi mlichokubaliana kila siku au kila wiki, na siku ukichoka unarudisha ufunguo. Matengenezo makubwa kwa desturi ni ya tajiri. Mafuta, pancha na kuosha ni vyako. Mpango huu unafaa biashara ambayo bado hujui kama itasimama.

Kuna kukodi kwa mwezi au mwaka kwa mkataba ulioandikwa, kutoka kampuni au mtu mwenye magari kadhaa. Unalipa mara moja kwa mwezi, mara nyingi kwa bei nafuu kuliko jumla ya hesabu za siku, lakini huwezi kuondoka kesho bila gharama.

Kuna kile tunachokiita "kuchukua kwa mkataba", ambacho watu wa bodaboda na bajaji wanakifahamu vizuri: unatoa kianzio, unapeleka hesabu kubwa kuliko ya kawaida kwa muda maalumu, na ukimaliza gari linakuwa lako.

Na kuna karadha. Hii ni biashara ya taasisi za fedha chini ya sheria ya mwaka 2008, nazo husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania. Unachagua gari kwa muuzaji, taasisi inalinunua kwa jina lake, wewe unalitumia na kulipa kila mwezi, mwisho unalichukua kwa masharti yaliyoandikwa tangu mwanzo. Uzuri wake mkubwa ni kwamba gari lenyewe ndiyo dhamana, kwa hiyo mtu asiye na hati ya nyumba naye anapata mlango. SELFINA, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Dkt. Victoria Kisyombe, ilijijengea jina kwa njia hii hasa kwa wanawake ambao benki ziliwataka hati wasizokuwa nazo. Kabla ya kutoa hata shilingi, angalia kama taasisi unayozungumza nayo imo kwenye orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya siku 22, siyo ya siku 26

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji achukue kalamu. Tarakimu ninazotumia ni za mfano tu, weka zako.

Tuseme hesabu ni shilingi 30,000, nawe unafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 780,000. Petroli lita 5 kwa siku, tuiweke 3,000 kwa lita, ni 15,000 kwa siku, yaani 390,000 kwa mwezi. Maegesho, kuosha, pancha na vidogovidogo vingine 5,000 kwa siku, yaani 130,000. Jumla ni 1,300,000, sawa na 50,000 kwa kila siku ya kazi. Ukigawa kwa idadi ya vituo unavyopelekea mzigo, unajua kila kituo kinakugharimu kiasi gani. Kama unapeleka maduka 25, kila duka linabeba 2,000. Je, faida yako kwa duka moja inaweza kuibeba 2,000 hiyo? Kama haiwezi, kukodi guta la magurudumu matatu au kumlipa mtu wa kirikuu kwa safari moja moja bado ni bora kwako.

Sasa irudie hesabu hiyo gari likiwa limelala siku 4. Kama mkataba unasema hesabu haisimami, bado unatoa 780,000. Mafuta na vidogovidogo vya siku 22 ni 440,000. Jumla ni 1,220,000, na kila siku ya kazi imepanda hadi 55,000 na ushee. Juu yake, wateja wako hawatasubiri. Ukikodi gari jingine siku hizo 4 kwa 60,000 kila siku, umeongeza 240,000. Biashara inayoishi kwenye hesabu ya siku 26 na kufa kwenye hesabu ya siku 22 haijawa tayari kukodi gari. Na siku 4 kwa mwezi si nyingi kwa gari lililokwishatumika miaka mingi Japani na hapa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, Barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani kwa maji, hata gari zima linalala.

Kwa wale wa kuchukua kwa mkataba, kuna hesabu nyingine. Tuseme gari hilo kwa taslimu ni milioni 12. Tajiri anataka kianzio milioni 1.5 na 35,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 18. Malipo ya kila siku yanafika 16,380,000. Ukijumlisha kianzio ni 17,880,000. Kwa hiyo unalipa karibu milioni 5.9 juu ya bei ya taslimu kwa sababu huna fedha leo. Inaweza kuwa bei ya haki, maana tajiri naye amefunga mtaji wake kwenye gari lako. Lakini tazama mwezi wa 14. Umeshatoa 14,240,000, zaidi ya bei ya taslimu. Ukiugua mwezi mmoja na mkataba unasema "akishindwa, gari linarudi", unabaki mikono mitupu. Kifungu hicho kimoja ndicho cha kupigania kuliko kupunguziwa hesabu kwa 2,000.

Hatua ya 4: Kagua karatasi kabla ya gari

Omba kadi halisi ya gari, siyo nakala. Jina lililo kwenye kadi liwe la huyu unayezungumza naye, au awe na barua ya kisheria kutoka kwa mwenye jina. Ukiambiwa "kadi iko benki", maana yake gari limewekwa dhamana, na mwenye gari akishindwa mkopo wake, benki italifuata gari hata kama wewe hujakosa siku hata moja. Linganisha namba ya chesisi na ya injini kwenye kadi na zilizo kwenye gari lenyewe.

Angalia rangi ya kibao cha namba. Gari la biashara Tanzania Bara hubeba namba nyeupe. Namba ya njano ni ya binafsi. Gari la njano likikamatwa linafanya kazi ya kulipwa, siku yako imeishia kituoni.

Bima usiikubali kwa kutazama stika au karatasi. Hakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari. Soma pia bima imekatwa kwa matumizi gani. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likigonga likiwa kwenye kazi ya kukodishwa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Bima ndogo humlipa uliyemgonga tu. Kama gari lina thamani ya milioni 12 na mkataba unakufanya wewe uwajibike likiibwa au kuungua, dai bima kubwa, na uulize ni kiasi gani utachangia mwenyewe ajali ikitokea. Kwenye karadha bima kubwa kwa kawaida ni sharti.

Angalia madeni ya trafiki kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Faini ni 30,000 kwa kosa, na huwa zinarundikana. Madeni yote ya kabla ya tarehe ya makabidhiano yalipwe na tajiri, na mkataba uyataje. Gari la kubeba mizigo kwa malipo linahitaji leseni ya LATRA. Ulizeni iko kwa jina la nani na inaisha lini. Dereva wako naye awe na leseni yenye daraja D, maana daraja B haliruhusu gari la biashara. Hili wengi hulipuuza mpaka siku ya ajali, ambapo mtu wa bima ndiye wa kwanza kuiomba leseni.

Hatua ya 5: Nenda na fundi wako

Fundi wako, siyo fundi wa tajiri. Mlipe ujira wake wa nusu siku; ni fedha ndogo kuliko injini.

Kirikuu ina injini chini ya viti, kwa hiyo fundi ainue kiti. Kwenye foleni na joto la Dar, ugonjwa wake mkubwa ni kuchemsha: atazame rejeta, mipira ya maji, feni, na kama oili imechanganyika na maji. Aingie chini kuangalia kutu kwenye chesisi, springi na bushi. Klachi ijaribiwe mlimani gari likiwa na mzigo, siyo likiwa tupu kwenye uwanja wa gereji. Tairi nne na ya akiba zitazamwe mwaka wa kutengenezwa, siyo kashata (meno ya tairi) peke yake. Kama unauza vyakula, milango ya nyuma na sakafu ya bodi ni muhimu sawa na injini: maji ya mvua yakiingia, mzigo wa siku umekwenda.

Kisha liendeshe walau saa moja. Gari likikataa ukaguzi, tafuta jingine. Kirikuu hazijawahi kuadimika mji huu.

Hatua ya 6: Andika mkataba unaozungumzia siku mbaya

Sheria yetu ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini kuyathibitisha ni kazi. Andikeni, kwa Kiswahili mnachokielewa wote, na msaini mbele ya wakili. Kama wakili ni gharama kubwa kwenu, msiache kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi wa pande zote mbili.

Mikataba mingi niliyosoma imeeleza vizuri siku njema: hesabu kiasi gani, saa ngapi, kwa nani. Siku mbaya imeachwa wazi. Kwa hiyo haya yaandikwe kwa maneno kamili:

Gari likilala kwa ubovu ambao si uzembe wako, hesabu inasimama kuanzia lini? Pendekezo langu ni kwamba isimame siku ileile lilipoingia gereji, na tajiri asipolitengeneza ndani ya siku 5 una haki ya kuvunja mkataba na kurudishiwa amana yako yote. Tajiri mwenye magari mengi anaweza kukupa gari la badala. Kama ameahidi, iandikwe ndani ya saa ngapi.

Matengenezo yagawanywe kwa majina. Oili, chujio, pancha, balbu na brekipedi ni vya mtumiaji. Injini, gia boksi, rejeta na springi ni vya mwenye gari, isipokuwa kama imethibitika ulizidisha mzigo. Klachi ndiyo inayogombanisha watu kuliko kifaa chochote, basi ipangieni kanuni yake peke yake: ikifa ndani ya miezi 3 ya kwanza ni ya tajiri, baada ya hapo mnachangia nusu kwa nusu. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na risiti zitunzwe.

Nani anaruhusiwa kuendesha? Kama dereva wako akipumzika unamweka deiwaka, yaani dereva wa kushikilia kwa siku, jina lake na leseni yake vijulikane. Gari likipata ajali mikononi mwa mtu asiyetajwa, utawajibika mwenyewe.

Mipaka ya safari. Kama unakwenda Kibaha na Bagamoyo kila wiki, isemwe. Matajiri wengine huweka kifaa cha kufuatilia gari, na baadhi ya vifaa hivyo huweza kuzima injini kutoka mbali. Ni haki yake kulinda mali yake, ila iandikwe kwamba hataizima gari likiwa barabarani, na kwamba kabla ya kuizima kwa sababu ya deni atakupa notisi ya siku mlizokubaliana.

Kwa aliyechukua kwa mkataba wa kumiliki, ongeza kifungu cha kushindwa. Baada ya kulipa nusu, gari lisichukuliwe bila kupewa siku 30 za kujikwamua. Na likichukuliwa, liuzwe, tajiri akate anachodai, kinachobaki kikurudie. Tajiri mwaminifu atakubali, kwa sababu hapotezi kitu. Anayekataa kabisa anategemea ushindwe.

Hatua ya 7: Makabidhiano

Piga picha na video ya gari lote kwa mchana: kila mkwaruzo, kioo, taa, ndani ya bodi, dashibodi ikionyesha kilomita na geji ya mafuta. Hesabuni jeki, spana ya tairi, tairi ya akiba, vibao vya pembetatu na mtungi wa kuzimia moto. Andikeni kwenye karatasi moja, msaini, kila mtu abaki na nakala.

Hatua ya 8: Lipa kwa njia inayoacha alama

Peleka hesabu kwa simu au benki, kwa namba na jina vilivyotajwa kwenye mkataba. Usimpe fedha mkononi mdogo wake wala mke wake, hata kama mnaheshimiana. Mwezi wa 10 hakuna atakayekumbuka ya mwezi wa 3. Weka daftari lenye tarehe, kiasi, kilomita na sababu ya kila siku isiyolipwa.

Kama unatengeneza mahesabu ya kodi, dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki, ya malipo ya kukodi gari, mafuta na vipuri, kwa sababu bila hiyo TRA haitaitambua gharama yako. Usajili wa VAT unaanza kulazimu mauzo yakifika milioni 200 kwa miezi 12. Ukiwa chini ya hapo, bei yoyote utakayotajiwa iulize kama VAT ya asilimia 18 imo, maana huna pa kuidai. Anayelipa kodi ya makadirio kwa kiwango cha mauzo hapunguziwi na risiti hizo, lakini azitunze kwa ajili ya siku atakayoomba karadha: taasisi zitataka kuona mzunguko wa biashara yake.

Hatua ya 9: Kurudisha au kulichukua jumla

Ukirudisha, nenda na zile picha za siku ya kwanza. Mkwaruzo mdogo wa kupakia na kiti kuchakaa ni uchakavu wa kawaida wa gari la mizigo, na mkataba useme hivyo ili amana yako isiliwe kwa rangi. Maliza faini zote za trafiki za kipindi chako, upewe karatasi iliyosainiwa kwamba hudaiwi.

Ukilichukua jumla, usikubali kukabidhiwa kadi yenye jina la tajiri na kupeana mikono. Andikeni mkataba wa mauziano siku hiyohiyo, kila mmoja awe na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, na mwombe uhamisho wa umiliki TRA mara moja, gharama zikilipwa na aliyetajwa kwenye mkataba tangu mwanzo. Kwenye karadha, dai barua ya kumaliza deni kutoka taasisi kwanza. Kadi mpya ikitoka kwa jina lako, badilisha bima na leseni ya LATRA ziende kwa jina hilohilo kabla gari halijabeba mzigo mwingine.